Sura ya Saba: Maji Yanayokuja na Waya

Kwa miaka miwili kaka yangu aliamini kwamba bati lake ni bovu. Kila masika yakikolea, doa la rangi ya chai lilijitokeza ukutani nyuma ya runinga, nyumbani kwake Nyasho, Musoma, likashuka taratibu hadi kwenye kabati la vyombo. Alipanda juu na kopo la lami mara tatu. Alibadilisha misumari. Mwishowe akaita fundi wa kuezeka, naye akapiga hesabu ya kung'oa bati zote za upande wa ziwa.

Aliyekiokoa kibubu cha nyumba ile ni shemeji, tena bila kupanda ngazi. Siku moja mvua ikiwa inanyesha alivuta kabati, akaushika waya wa dishi pale unapotokeza ukutani, kiganja kikalowa. "Baba watoto," akasema, "bati halina kosa. Maji yanakuja na waya."

Nimesimulia kisa hiki mara nyingi kwa mafundi, na karibu kila mmoja hujibu kwa neno moja: silikoni. Ziba. Tumelelewa na msemo wa usipoziba ufa utajenga ukuta, basi tukiona tundu mkono unakimbilia bomba la silikoni. Mimi naona kuziba ni kazi ya mwisho, na mara nyingine ni kosa. Kwanza jiulize maji yamefikaje pale tunduni. Kama umeyachongea njia ya kuteremka, yatasubiri mwaka mmoja au miwili mpaka silikoni iachane na plasta kwa jua, kisha yataingia.

Waya wa dishi, huu mweusi au mweupe wa RG6 unaouzwa kila duka la vifaa vya umeme kuanzia Musoma hadi Bunda, una unene wa milimita 7 hivi. Ni mwembamba, lakini kwa tone la mvua ni barabara ya lami. Tone hupenda kung'ang'ania kitu. Likishaupata waya linateleza nao, linakutana na wenzake, wanashuka pamoja. Waya ukitoka kwenye dishi na kuteremka moja kwa moja hadi kwenye tundu la ukuta, chochote kilicholowa juu kitafika sebuleni.

Hayo ni maji ya nje. Yapo pia maji ya ndani, na hayo ndiyo mafundi wengi hawayahesabu. Pasua kipande cha RG6 utazame. Katikati kuna uzi wa shaba, au chuma kilichopakwa shaba. Umezungukwa na povu jeupe la plastiki, juu ya povu kuna karatasi ya alumini, juu yake wavu wa nyuzi nyembamba za metali, ndipo likaja ganda la nje. Wavu ule ni kama utambi wa koroboi. Ukichovya ncha moja majini, maji yanapanda yenyewe kati ya nyuzi. Sasa fikiria ncha hiyo iko juu ya paa, kwenye konekta iliyolegea, na ncha ya pili iko chini, kwenye king'amuzi. Utambi na mteremko vinasaidiana. Nimewahi kufungua konekta nyuma ya king'amuzi huko Bunda, tone likadondoka juu ya zulia, na nje jua lilikuwa kali na mvua haikuwa imenyesha tangu juzi yake. Ganda la waya lilikuwa kavu kabisa mwanzo hadi mwisho. Maji yalikuwa yamesafiri ndani.

Ubaya wa maji ya ndani si kulowesha zulia. King'amuzi hupeleka umeme mdogo juu kwenye LNB, kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi, kupitia waya uleule, volti 13 au 18 kulingana na chaneli unayotazama. Maji yakikutana na umeme huo juu ya shaba, shaba inaliwa. Utaona ukijani kwenye uzi wa katikati na unga mweupe kwenye alumini. Siku za mwanzo picha inakatakata, baadaye zinapotea chaneli za volti mojawapo tu, mwisho mwenye nyumba anaambiwa LNB imekufa. Ananunua mpya, inafungwa kwenye waya uleule uliooza, na baada ya miezi michache anarudi dukani akilalamikia bidhaa feki.

Hapa lazima tuongee habari ya anga la mkoa wetu wa Mara, maana kosa kubwa linaanzia huko.

Setilaiti za runinga zimepangwa kwenye pete moja juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari. Mwaka 1976 nchi kadhaa zilizopitiwa na ikweta, Kenya na Uganda zikiwemo, zilikutana Bogotá, Colombia, zikatangaza kwamba kipande cha pete kilicho juu ya ardhi yao ni mali yao. Dunia haikuzikubalia. Tanzania haikuwa na hoja ya kupeleka, kwa sababu ikweta inapita kaskazini mwetu, lakini Musoma iko nyuzi moja na nusu tu kusini yake. Sisi ni majirani wa pete ile, tunaishi karibu chini yake.

Sasa chukua karatasi ya maelekezo inayokuja ndani ya boksi la dishi. Mara nyingi mchoro wake ni wa dishi lililosimama wima kama mtu aliyeegemea ukuta. Mchoro huo unafaa Ulaya. London, dishi linalotafuta setilaiti za Astra huinua uso nyuzi 25 hivi tu kutoka upeo wa macho. Musoma, dishi la DStv linatafuta setilaiti iliyo nyuzi 36 mashariki, na sisi tuko karibu nyuzi 34 mashariki. Ipo utosini, nyuzi 87 hivi. Ndiyo maana madishi hayo ukiyatazama kutoka kilima cha Mukendo yamelala chali kama nyungo zilizoanikwa mtama, na mkono unaoshika LNB umesimama kama mlingoti.

Kwa fundi, tofauti hiyo inageuza kila kitu juu chini. Kule Ulaya LNB inatazama juu kuelekea dishi, mgongo wake uko chini, na konekta iliyo mgongoni imejificha mvua. Huku kwetu LNB iko juu inatazama chini, na mgongo wake umeinuliwa angani. Konekta iliyobuniwa itazame ardhi sasa inatazama pembeni, au kwa aina nyingine inatazama mawingu kabisa, imefungua mdomo. Chini yake kuna mkono, ambao mara nyingi ni bomba la mraba lenye uwazi, na mafundi hupenda kupitisha waya ndani yake kwa sababu unapendeza. Mvua inashuka mgongoni mwa LNB, inaingia kwenye bomba, inafuata waya hadi mguuni mwa dishi, na kutoka hapo ni mteremko mtupu hadi kwa mwenye nyumba.

Dishi la Azam lina nafuu. Setilaiti yake iko nyuzi 7 mashariki, kwa hiyo linatazama magharibi, na kwa mtu wa Musoma magharibi ni ziwani. Uso umeinuliwa nyuzi 59 tu, na LNB yake imeinamisha kichwa kidogo. Bado inahitaji kufunikwa, lakini haijafungua mdomo kama mwenzake.

Kabla hujafungua kitu chochote, hakikisha kwanza kwamba una tatizo la waya. Mvua kubwa hukata picha yenyewe, hata kama kila konekta ni kavu, kwa sababu mawimbi ya setilaiti hunywewa na matone hewani. Wenye nyumba wengi wamelipa mafundi kwa kosa la mawingu. Kipimo changu ni saa. Picha ikikatika dhoruba inapopiga na kurudi dhoruba inapopita, usimwite mtu, kunywa chai. Picha ikiendelea kusuasua kesho yake na keshokutwa, jua likiwa linawaka, kisha ikapona polepole bila kuguswa, basi maji yako ndani ya waya na yanakauka.

Wenye madishi mawili juu ya paa moja wanaweza kuona jambo la kufurahisha. Njia ya mawimbi ya dishi linalotazama magharibi inapanda kwa mshazari, hivyo mvua iliyo kilomita mbili tatu ndani ya ziwa inaweza kukukatia mpira ukiwa umekaa kibarazani pakavu. Dishi lililolala chali linakatika mvua ikiwa juu yako hasa. Nimeona vijana wa Makoko wakibishana kwamba kampuni moja ina setilaiti mbovu. Kilichotofautiana ni mawingu yaliko.

Turudi kwenye nyumba, na swali la waya uingilie wapi.

Usipitishe kwenye bati. Najua inashawishi, kwa sababu dishi liko palepale juu na dari ipo chini yake. Lakini bati hupanuka jua likiwaka na kusinyaa usiku, na Mara tofauti hiyo ipo karibu kila siku ya mwaka. Kila upanuzi unasugua waya kwenye ukingo wa tundu, unakata ganda, na silikoni iliyotandazwa juu ya bati inabanduka kama gamba la kidonda. Kama tundu lipo tayari na huna njia nyingine, angalau liwe juu ya mgongo wa bati, lisiwe kwenye bonde ambako maji yote ya paa yanapita. Na kama ni kufunga mguu wa dishi, funga ukutani au kwenye bomba la chuma lililochimbiwa uani. Dishi lililofungwa juu ya bati hutikiswa na upepo wa ziwa mpaka bolti zinageuza matundu kuwa midomo.

Niongeze hapa jambo ambalo fundi hatakuambia: mara nyingi kinachovujisha paa si tundu la waya, ni nyayo zake. Mtu mzima akikanyaga bati jembamba katikati ya papi mbili, bati linabonyea, misumari inalegea, raba zake zinapasuka. Ukimwona anatembea kwa kufuata mistari ya misumari, ambako papi zipo chini, umepata fundi. Ukimwona anatembea kama yuko barabarani, mwombe ashuke kwa adabu.

Dirishani ndiko wengi hupitisha, hasa nyumba za kupanga, kwa sababu mwenye nyumba amekataza kutoboa. Wanakata kona ya wavu, waya unaingia, kioo hakifungi tena. Maji hayaingii sana, ila mbu wanaingia, na Kanda ya Ziwa si mahali pa kuwafungulia mbu mlango. Pia kuna wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi na kufuata taa. Usiku mmoja wanatosha kujaza kizoleo kwa tundu la ukubwa wa kidole.

Mimi napitisha upenuni au ukutani.

Upenuni, chini ya kingo za paa, pana sehemu kavu ambayo haijawahi kuona mvua isipokuwa ya upepo. Waya ukiingilia pale, kati ya ukuta na papi, hauhitaji hata silikoni. Kwa nyumba za matofali ya udongo mbichi, ambazo bado zipo nyingi vijijini Butiama na pembezoni mwa Bunda, hii ndiyo njia pekee ninayoikubali. Mzee mmoja wa Butiama aliponiona nashika keekee mbele ya ukuta wake aliniita pembeni. "Mwanangu," akasema, "huo ukuta ni tope. Ukiutoboa, umeupa maji mlango." Alikuwa sahihi. Ukuta wa udongo ukilowa ndani haukauki kwa jua la siku moja. Plasta ya saruji inabaki imesimama nje, huku udongo nyuma yake unageuka uji. Tulipitisha upenuni, tukashuka na kona ya ndani, na waya wa paneli yake ya sola ukafuata njia hiyohiyo.

Ukuta wa tofali za saruji au za kuchoma unaweza kutobolewa, ila namna ya kutoboa ndiyo kazi yenyewe. Simama nje. Elekeza ncha ya biti juu kidogo, ili tundu lipande kuelekea ndani. Kwa ukuta wa inchi sita, sentimita mbili za kupanda zinatosha. Tone likijaribu kuingia litakuwa linapanda kilima, na matone hayapandi vilima. Mafundi wengi hutobolea ndani, kwa sababu wanataka tundu litokeze kwa usahihi nyuma ya runinga, na mkono wa mtu aliyesimama sebuleni huinamisha mashine bila kujua au kuinyanyua bila kujua. Ikinyanyuliwa, tundu limeinamia ndani, na ukuta umepata mfereji. Tena biti ikitokea nje hubandua kipande cha plasta kama sahani, na pale ndipo mvua inapojikusanya.

Tundu lenyewe liwe dogo. Waya wa milimita 7 unapita kwenye tundu la milimita 8 au 9. Tunayaona matundu ya ukubwa wa shilingi mia kwa sababu fundi amekuja na waya uliokwisha kufungwa konekta, na konekta ni nene kuliko waya. Mwambie apitishe waya mtupu kwanza, konekta afunge baadaye. Ni dakika mbili zaidi.

Kisha waya usiingie tunduni ukitokea juu. Ushuke upite tundu, kama shibiri moja chini yake, upinde, upande tena ndipo uingie. Kwenye tumbo la mpindo huo maji ya nje yanafika mahali pa chini kabisa, yanakosa pa kwenda, yanadondoka ardhini. Hii ndiyo silaha kubwa kuliko zote dhidi ya maji ya nje, na ni sentimita arobaini za waya tu. Kaka yangu hakufanya zaidi ya hapo. Tulivuta waya wa ziada uliokuwa umeviringishwa nyuma ya dishi, tukaupa tumbo, na doa la chai halikurudi. Bati alizokuwa ang'oe ziko juu mpaka leo.

Usipinde kwa ukali. Povu lile jeupe likibonyea, uzi wa katikati unahama na mawimbi yanapotea. Mpindo uwe wa mviringo kama mdomo wa sufuria ndogo.

Silikoni ije sasa. Jaza mdomo wa nje kuzunguka waya, juu na pembeni, lakini acha upenyo mdogo upande wa chini. Watu wananishangaa hapa. Upenyo ni kwa ajili ya maji yatakayopata njia nyingine, kwa mfano ufa wa plasta juu ya tundu. Ukiziba pande zote, umeyafungia ndani ya ukuta.

Kuhusu maji ya ndani, tumbo la waya halisaidii kitu, kwa maana yamo ndani ya ganda na yatapinda nalo. Dawa yake iko juu, kwenye konekta ya LNB. Konekta ya kubana kwa koleo maalumu ni bora kuliko ile ya kusokota kwa vidole, kwa sababu ya kusokota hulegea. Igeuze LNB, kama muundo wake na picha vinaruhusu, konekta isitazame angani. Funika kwa kofia ya raba, na kama huna tumia utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe, ule unaovutwa mpaka unakuwa mwembamba. Anza kuzungusha kutoka chini kwenda juu, kila mzunguko ulalie uliotangulia kama vigae. Solotepu nyeusi ya mafundi umeme peke yake haifai. Jua la miezi sita linaifungua, gundi inageuka nta, na mfuko unaobaki unakinga maji badala ya kuyazuia. Waya nao uwe mweusi wa nje. Ule mweupe umetengenezwa kukaa ndani, na ukiwekwa juani ganda lake linapasuka nyufa za nywele.

Kama waya umeshakunywa maji, usijisumbue kuukausha. Kata mita moja, tazama wavu. Ukiwa bado una kijivu au kijani, kata tena. Ukifika mita tatu bila kuona metali inayong'aa, nunua mpya.

Radi sitaiongelea kirefu, ina sura yake mbele, ila bonde hili la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, na kwa upande wetu wa mashariki mawingu yake hupenda alasiri. Mguu wa dishi uunganishwe ardhini kwa waya wa shaba na fimbo yake. Ukisikia ngurumo, chomoa plagi ya umeme na waya wa dishi pia. Wengi huchomoa plagi wakaacha waya, na waya ndio unaotoka juu ya paa.

Kazi ikiisha, usimlipe fundi yote hapohapo. Mwombe apande na ndoo ya maji na kopo, amwagie LNB, mkono na mguu wa dishi taratibu kwa dakika kumi, ndoo mbili zikilazimu, huku wewe umekaa sebuleni umeshika waya nyuma ya runinga. Kiganja kikibaki kikavu, chomoa konekta ya king'amuzi, itazame ncha yake, uirudishe. Baada ya mvua kubwa ya kwanza ya vuli itazame tena, kisha mpelekee fundi hela yake iliyobaki.